Ya Kweli ao ya Culture

Kwanza niseme wazi kwamba simpendi. Nasema mapema ili msomaji asiniite mnafiki nitakapoanza kumsifu, maana nitamsifu, sina njia nyingine. Mtu huyu ana sifa zake, na baadhi nimezitafuta kwa watu wengine miaka yote nisizipate. Lakini simpendi, na nimeshamwambia usoni, na alichonijibu mtakisikia.

Mjini kwetu Baraka, kando ya ziwa, tulimwita Bizutie. Ni Kifaransa cha shuleni kilichopondwapondwa sokoni mpaka kikaenea mdomoni. Vitabu vinasema sonara. Jina lake la kuzaliwa nalijua, ila silitaji, kwa kuwa yu hai na majirani zake wanajua kusoma. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, mlango umepakwa rangi ya bluu, ndani meza fupi, kiti kisicho na mgongo, jiko la makaa na mrija wa kupulizia moto. Dhahabu ya machimbo ya Misisi na ya Lulimba ilishuka Baraka kwa pikipiki ikiwa vumbi ndani ya vikaratasi, na kwake iligeuka kuwa pete na hereni. Alikuwa Mwislamu wa pwani ya ziwa, wa swala tano, lakini masista walimletea misalaba yao iliyovunjika na aliitengeneza bila kununa. Wakimuuliza watu, anajibu, "Mi nafanya kazi yangu. Mungu anafanya yake."

Tuanze na meno yake, kwa sababu kila mtu aliyemjua ataanza hapo.

Ilikuwa hivi. Siku mojamoja, si mara nyingi, mtu alifika na perle. Lulu sisi tunaijua kwenye Biblia tu. Mdomoni tunasema perle, na perle hiyohiyo ndiyo ushanga wa plastiki ambao bamama wanaufunga kiunoni. Neno moja, vitu viwili, na hakuna aliyeona shida. Basi ukimletea Bizutie perle, alikwambia ungoje. Anachukua mswaki wa mti, anasugua meno, anasukutua, anatoka nje kutema, anarudi, anajifuta kwa kitambaa. Ndipo anaichukua perle yako kwa vidole viwili na kuipitisha polepole kwenye ukingo wa meno ya mbele, macho kafumba. Ya kioo inateleza. Ya plastiki inateleza. Ile ya kweli inakwaruza, kidogo sana, kama bugali ulioingia mchanga. Watu walijaa mlangoni kumtazama. Akifumbua macho, anasema neno moja, na neno hilo lilikuwa la mwisho. Hata mkuu wa polisi hakulipinga.

Kupima alipima bure. Ukija na maneno mengi, kwamba pete hii alipewa bibi na mzungu wa misioni, kwamba mkufu huu umetoka Dubai, anakukatiza: "Usiniletee hadithi, leta kintu." Nimemsikia akimwambia hivyo mchungaji, mwanajeshi, na mwanamke aliyekuwa analia.

Bwana harusi mmoja kutoka Fizi-Centre alimletea pete asubuhi ya ndoa ili aipanue, na nyuma yake walikuja mashangazi watatu wa bibi harusi wakijifanya wanapita tu. Kijana alimkonyeza. Bizutie aliisugua pete kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la dawa, akatazama. "Iko shaba," akasema, kwa sauti ile anayoitumia kuomba maji. Kijana akamwomba atazame tena. "Hata nikitazama mupaka kesho, itakuwa shaba." Ndoa ilisogezwa wiki mbili mbele, kijana akaenda kutafuta dhahabu ya kweli, na leo wana watoto sita. Mama yangu alikuwa akiisimulia habari hii kwa furaha, akiigiza sauti. Alisema katika mji mzima wenye wapima dhahabu wenye mizani ya uongo, na makarani wa ofisi wenye mihuri ya uongo, angalau yupo mtu mmoja ambaye ukitoka kwake unajua umeshika nini. Namsikia bado.

Kazi yake ilikuwa safi, nani atabisha. Perle haipendi moto, kwa hiyo alichoma na kuunganisha dhahabu yote kwanza, akaipoza, akaisugua, na mwisho kabisa akaikalisha perle juu ya kijiti cha dhahabu chembamba na tone la gundi, huku amebana pumzi. Kama ni mkufu, alifunga fundo baada ya kila perle, fundo la kusuka nyavu alilofundishwa na wavuvi wa Baraka, ili uzi ukikatika idondoke moja tu na si zote. Mabibi harusi aliwapa amri. "Uvae nguo, upake mafuta, uweke parfum, ukimaliza yote ndio uvae perle. Ukirudi, uivue kwanza, viatu baadaye." Jasho linaila, limau inaila, manukato yanaila. Alizungumza habari za perle kama mtu anayezungumza habari za mgonjwa wa nyumbani, na hapo ndipo alipokuwa na maneno mengi kuliko mahali pengine popote.

Lakini mtu huyu wa kweli tupu alipaka ndevu zake rangi nyeusi kila Alhamisi, na ukimuuliza umri alikutajia uleule wa mwaka uliopita. Harusi asizozitaka alizikwepa kwa kusema tumbo linamuuma. Wakati wa vita alivuka ziwa kwenda Tanzania na gunia la vyombo vya kazi mgongoni, godoro ameacha, sufuria ameacha, na mke wake hakuacha kumkumbusha mpaka alipofariki. Kambini alitengeneza pete kwa vijiko. Tuliporudi, aliwafungia wanawake hereni zao zilizovunjika njiani bila kuchukua kitu, miezi kadhaa, na ukimshukuru anakasirika. Maji ya ziwa yalipopanda juzijuzi na kumeza nyumba za chini, alilaza familia nzima ndani ya kile chumba na yeye akalala juu ya meza. Haya yote ni kweli na nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ubaya wake ni mmoja: hakuwa mtu wa kueleza. Hukumu alitoa, maelezo hakutoa. Alijifunza kazi Bujumbura kwa fundi mzee aliyemwonyesha perle za zamani, zile ambazo chaza wa baharini alizifanya peke yake bila kuguswa na mtu, na fundi huyo alimwachia dharau kubwa kwa zile za siku hizi. Dharau aliileta Baraka. Sababu yake aliiacha hukohuko.

Kulikuwa na mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye alisikia kwamba perle hutoka ndani ya makome. Makome ya ziwani tunayakanyaga kila siku. Wanawake walishajaribu kuyapasua wakakuta utelezi tu. Huyu akafikiri zaidi. Alichukua ushanga mmoja wa kiunoni, mweupe, akalifungua kome kidogo kwa kisu, akaupenyeza ndani, akalirudisha majini chini ya jiwe analolijua. Perle imeingia, alisema, perle itatoka. Watu walimcheka mpaka akabadilisha njia ya kwenda sokoni. Akaenda kwa Bizutie kumuuliza kama inawezekana. Bizutie alicheka kuliko wote, akamrudisha na mkono mtupu. Sasa najua kwamba yule mama alikuwa amekaribia sana. Alikosea ushanga, alikosea kome, lakini wazo lilikuwa lenyewe, na mtu pekee katika Fizi nzima aliyelijua hilo alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Sasa nifike kwetu.

Baba yangu alikuwa mchimbaji huko Misisi. Alikuwa anakaa huko miezi, baadaye mwaka, na alichotuma nyumbani kilikuwa kidogo, na kila pikipiki iliyoshuka ilishuka na umbea: ana mwanamke kule, ana nyumba kule, ana mtoto. Mama alivumilia mpaka akachoka. Baba aliporudi safari ile, nilikuwa na miaka kumi, mama alimwambia mbele yetu kwamba hataki tena maneno. Baba akatoa kikaratasi mfukoni. Ndani mlikuwa na perle moja, nyeupe yenye uwekundu kidogo, imetobolewa tayari, na punje ya dhahabu ya kuitengenezea kijiti. Alisema dhahabu yake ya mwaka mzima ndiyo hii. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anatoka ng'ambo aliibadilisha naye.

"Nilitaka nikuletee kintu chenye hakuna mwanamuke mwingine Baraka iko nacho," akasema. "Peleka kwa Bizutie akufungie. Na umuulize mwenyewe kama iko ya kweli. Kama naongopa kwa hii, basi naongopa kwa yote, na usiniite tena bwana yako."

Ndivyo alivyosema. Mjinga. Aliweka miaka yake yote juu ya kitu kidogo kuliko punje ya hindi, kwa sababu alikuwa na hakika, na kwa sababu alimwamini Bizutie kama sisi sote tulivyomwamini.

Nilikuwepo. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Bizutie alisugua meno, akasukutua, akatema, akafumba macho, akaipitisha. Akatikisa kichwa kukubali. Nakumbuka mama alivyotabasamu, na alivyonishika bega. Lakini perle hiyo ilikuwa na tundu, na Bizutie hakuweza kuona tundu bila kuchungulia. Alivaa kile kioo chake cha jicho moja, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akachungulia, akakunja uso. Wakati huohuo mlangoni alikuwa amesimama mteja kutoka Misisi, anatikisa ufunguo wa pikipiki.

"Iko ya culture," Bizutie akasema.

"Culture ni nini?" mama akauliza. Na kwetu ni swali zuri, kwa sababu culture ni kilimo, mihogo na mahindi, au ni ngoma wanayocheza watu wa shule siku za sikukuu.

"Haikujizaa yenyewe. Bantu ndio banaitengenezaka."

"Kumbe haiko ya kweli?"

"Mama, nimeisha kukuambia. Iko ya culture." Akaiweka kwenye kikaratasi, akaisukuma upande wetu wa meza. "Nikufungie ao nisikufungie?"

Mama alianza kulia palepale, bila sauti, amesimama. Bizutie alimtazama. Kisha alimwita mteja wa Misisi aingie.

Mnaona? Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Lilipimwa kwa meno na kwa kioo. Angemdanganya waziwazi ningejua la kumfanya.

Nyumbani mama hakupiga kelele. Ile perle aliitupa uani, upande wa majivu, na akamrudishia baba maneno yake mwenyewe: kama naongopa kwa hii, basi naongopa kwa yote. Baba aliapa. Alitaka waende wote wawili kwa Bizutie, mama akamwambia hawezi kwenda kuaibishwa mara mbili. Basi baba alipanda pikipiki kesho yake. Alirudi mara moja tu, baada ya miezi kadhaa, akakaa nje ya mlango tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, na mama hakumfungulia. Sisi watoto tulikuwa ndani, tumekatazwa kuita. Ile perle niliiokota kwenye majivu, nikaiweka ndani ya kibiriti kitupu. Sikujua kwa nini. Ilikuwa nzuri tu.

Miaka minne baadaye baba alikufa Lulimba, kwa homa. Watu wawili walituletea begi lake. Walisema aliishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, hakuwa na mwanamke, na kwamba kila mtu aliyetoka Baraka alimuuliza kama mke wake anamwulizia. Mama alipokea begi, akawapa maji ya kunywa. Walipoondoka alisema, "Banamusitiri. Banaume ni bamoja." Hakulia. Alishajenga nyumba yake yote juu ya ule uongo wa baba, na nyumba ikasimama: alilima, akauza, akatusomesha, mimi nikawa mwalimu Fizi-Centre. Ukimwambia mama aolewe tena, anasema alishawahi kupewa perle ya culture, inatosha. Nyumbani kwetu likawa neno letu. Mwanasiasa akiahidi barabara, ni culture. Fundi akileta mbao mbovu, ni culture. Tulicheka nalo miaka kumi na saba.

Mwaka jana nilikwenda Bukavu kwenye mafunzo ya walimu, na saa ya mapumziko nikaingia duka moja la vito, kwa udadisi tu. Kibiriti nilikuwa nacho ndani ya mkoba. Kilishakuwa kitu cha kutembea nacho. Mwanamke wa duka aliichukua ile perle, akaipitisha kwenye jino bila hata kunawa mdomo, akachungulia tundu.

"Nzuri," akasema. "Iko perle ya culture."

"Najua," nikasema. "Ya bongo, ya uongo."

Akanitazama. "Nani alikuambia ya bongo? Madame, karibu perle zote zenye unaona mu bijouterie leo ziko za culture. Hii iko ya kweli."

"Kweli ao culture?"

Akacheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akavuta kiti. Akanionyesha video kwenye simu: mikono ya watu mahali fulani ng'ambo, inafungua chaza kidogo tu asife, inakata mwilini mwake kwa kisu chembamba, inapenyeza kiduara kilichochongwa kutoka ganda la kome la maji baridi, na kando yake kipande kidogo cha nyama ya chaza mwingine. Kile kipande cha nyama ndicho kinachokua na kukizunguka kile kiduara. Kisha wanamrudisha majini ndani ya kizimba cha wavu. Wengine wanakufa. Wengine wanakitema. Anayebaki anakipaka kile kitu utando wake, mwembamba, juu ya utando mwingine, mwaka, miwili, mitatu, na huo utando ndio unaong'aa. Wapo wa maji baridi wanaowekewa kipande cha nyama tu, bila kiduara. "Muntu anamuanzishia tu," akasema. "Kufanya, anafanya mwenyewe. Za kujianzisha zenyewe ziko, lakini ni chache, ni za bareine, za bamalkia. Zile za bongo ni plastiki na kioo zenye bamepaka rangi. Hii hapana."

Nilimuuliza mara tatu. Mara ya tatu aliniletea maji.

Sikumwambia mama mara moja. Nilikaa nayo wiki kadhaa Fizi-Centre, nafundisha, narudi, nalala. Nilijiuliza kama nitamwambia kwa faida yake au kwa faida yangu. Mwenyewe alikuwa ametulia. Mtu aliyetulia unamwendeaje na kitu kama hicho? Lakini kila nilipowaza kunyamaza nilimwona baba ameketi nje ya mlango, na nikaona kwamba nikinyamaza mimi nakuwa Bizutie wa pili. Nikashuka Baraka siku ya Jumamosi, nikaanza kwa Bizutie mwenyewe.

Mlango wa bluu umehamishwa juu zaidi, mbali na maji. Ndevu nyeupe, aliacha kupaka tangu mke wake afariki. Meno ya mbele hayapo, na wateja wa perle hawapo pia. Nilimwamkia, "Shikamoo, muzee," nikamwekea ile perle mezani. Aliichungulia kwa kile kioo chake.

"Hii naikumbuka," akasema. "We ni mutoto ya ule mama."

"Ulimwambia iko ya bongo."

"Sikusema bongo. Nilisema culture."

"Yeye alisikia bongo."

"Najua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Saa ileile. Nilimuona analia. Nikajua amesikia vibaya." Alisema bila kuinamisha kichwa. "Kulikuwa client wa Misisi, alikuwa na haraka. Nikajisemea, atarudi aulize. Bantu banarudiaka."

"Na uliposikia amemfukuza baba?"

"Nilisikia. Baraka ni ndogo."

"Juu ya nini hukukuja nyumbani?"

Akafikiri. Nakiri kwamba alifikiri kweli, hakutafuta pa kukimbilia. "Ningekuja kusema nini? Kusema nilikosea? Sikukosea."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba simpendi. Nilisema na mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyasema kwa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Uko na haki," kwa sauti ileile anayotolea hukumu ya kweli au ya shaba. Nikamwambia atasimama, atavaa kofia, atakwenda kumwambia mama mwenyewe. Akavaa kofia. Hakubisha hata kidogo, na kwa nusu saa ile ya njiani, akitembea polepole kwenye vumbi na fimbo yake, nilikaribia kumheshimu tena.

Mama alikuwa anachambua maharage uani. Alifurahi kumwona, fikirini, alimletea kiti kizuri. Bizutie hakuzunguka. Alimwambia habari ya perle ile, na safari hii alieleza yote: kisu, kiduara, kipande cha nyama, kizimba, wanaokufa, wanaotema, miaka mitatu ya utando juu ya utando. Alieleza vizuri kuliko mwanamke wa Bukavu. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa anajua tangu siku ile, maelezo yote yalikuwepo kichwani mwake, hayazidi dakika tano.

"Kwa hiyo iko ya kweli," mama akasema.

"Iko ya kweli."

Mikono ya mama ilikuwa bado ndani ya ungo. "Siku ile uliniona nalia?"

"Nilikuona, mama."

"Na ulijua nalilia nini?"

"Nilijua."

Alikuwa amejibu kilichoulizwa. Nilitoa kibiriti nikamwekea mama ile perle kwenye kiganja, na Bizutie akasema atamfungia bure, atatumia dhahabu yake mwenyewe. Mama aliinuka akaingia jikoni. Nilimfuata nikidhani amekwenda kulia, nikamkuta anakoroga bugali, perle imelala juu ya kopo la chumvi.

"Ni mugeni," akasema. "Hawezi kuondoka hivi."

Basi alimpakulia: bugali, sombe ya majani ya mihogo, na samaki mukeke mzima. Alimnawisha mikono kwa jagi, ameinama kidogo mbele yake kama tunavyofanyia wageni. Na Bizutie alikula. Alikula vizuri. Alimpasua yule mukeke kwa vidole kwa kuwa hana meno ya mbele, akatoa miiba, akanyonya kichwa, akasifu pilipili, akaomba mchuzi kidogo zaidi, na mama akamwongezea. Mengine yote huenda siku moja nikayasahau, lakini kule kula sitamsamehe.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi. Mama alikuwa ameketi kwenye kile kiti kizuri, sahani bado iko chini, na nzi wameshaanza kuja.

"Barabara ya Lulimba iko namna gani siku hizi?" akauliza.

"Mbaya. Lakini pikipiki zinapita."

"Tutaenda. Walimuzika baba yako upande gani?"

Nikamjibu kwamba sijui. Wale watu wawili walioleta begi hatukuwauliza jina wala wanapokaa, na siku ile mama hakutaka kusikia lolote kuhusu kaburi, na mimi nilikuwa mtoto. Nilimwambia tutauliza tukifika.

"Tutamuuliza nani?" mama akasema.